Ngozi Iliyokwenda Zuzu Peke Yake

Kila mwaka kuna kipindi kimoja nisichopenda kukifundisha, na kila mwaka nakifundisha vizuri kuliko vyote. Ni kile cha jeni ya kemokini katika kiwele cha ng'ombe. Naonyesha ukutani mchoro wenye nukta tano, mstari unapanda kutoka moja hadi nyingine, wanafunzi wanaandika, na hakosekani mmoja wa nyuma kuuliza, "Mwalimu, huyu ng'ombe aliugua mwenyewe au mlimwambukiza?" Najibu, "Aliugua mwenyewe, huko Bahi," halafu naruka kwenye mchoro mwingine. Mwaka huu nilikuwa bado nimesimama mbele ya zile nukta simu ilipotetemeka mezani. Nyemo, binti wa mwenye boma alikougulia ng'ombe huyo, alikuwa ameandika: "Dada, Baba amefariki alfajiri. Tunazika kesho mchana. Ukiweza." Hilo neno la mwisho ndilo lililonikalisha kitini darasa zima likinitazama. Ukiweza! Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa siwezi, na yeye anajua.

Nilipozaliwa na waliponisomesha hapahusiani na habari hii, nitapaacha. Nasimulia mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka thelathini na mbili, nimeacha kazi ya mifugo wilayani nikaja kusomea shahada ya pili, na hosteli nzima ikaniita shangazi. Chumba chetu kilikuwa Chimwaga, kwenye hosteli za chuo, ghorofa ya tatu, upande ule ule upepo unakotokea, na vumbi jekundu lilipenya hata ukiziba dirisha kwa kanga. Mwenzangu alisoma uchumi na alikuwa na jiko la umeme la magendo tuliloficha ndani ya begi la nguo. Tulipika mayai saa ya vipindi, wakati mlezi wa hosteli hayupo, na harufu ya mafuta ilikaa kwenye mashuka wiki nzima. Nakumbuka vizuri jinsi nilivyojisikia mwaka ule: nimechelewa. Wenzangu wa rika moja walikuwa wakuu wa idara, mimi nagombea foleni ya wali maharage na watoto wa miaka ishirini na moja. Msimamizi wangu alikuwa mtu mwembamba asiyepandisha sauti, na alikuwa na swali moja tu kila Jumatatu: "Ng'ombe wazima unao wengi. Mgonjwa yuko wapi?"

Jambo lenyewe si gumu, ingawa tulikuwa tunaliongea kwa mbwembwe. Vijidudu vikiingia kwenye chuchu, seli za ndani ya kiwele zinaiwasha jeni fulani, na jeni hiyo inatoa protini iitwayo kemokini, ambayo kazi yake ni kuita tu. Inaziita chembe nyeupe za damu, zije haraka, kuna adui ameingia. Zinakuja kwa wingi, kiwele kinavimba, kinakuwa cha moto, kinauma. Huo ndio mchochota. Mwito ukiwa wa kiasi, ng'ombe anapona. Ukizidi, chembe zile zile zilizokuja kuokoa zinaanza kubomoa nyumba yenyewe. Swali langu lilikuwa hivi: kwa ng'ombe wetu wa asili, huyu mdogo mwenye nundu, jeni hiyo inawaka upesi kiasi gani, na inafika juu lini? Nilihitaji ng'ombe aliyeugua mwenyewe. Katika maombi yangu ya ruhusa kwa chuo nilikuwa nimeandika, tena kwa kujisifu, kwamba mnyama atakayeugua atachukuliwa sampuli moja na kutibiwa papo hapo. Moja. Sasa sampuli moja haichori mstari, hilo hata mtoto wa darasa la tatu anajua, lakini ruhusa nilikuwa naitaka.

Ndivyo nilivyofika kwa Mzee Chibago. Boma lake lilikuwa mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka stendi ya Bahi, ukishapita majaruba ya mpunga, mahali ardhi inapoinuka kidogo. Nilienda kila wiki, na mvua zilipokolea nikawa nalala huko siku tatu, nne, kitanda kimoja na binti yake Nyemo, aliyekuwa rika langu, ameachika na amerudi kwao na mtoto mchanga. Nyumba ilikuwa tembe ya zamani, paa la udongo limelala bapa, ndani giza la kupendeza mchana wa jua kali, ndama wamefungwa upande wa pili wa ukuta mfupi ukiwasikia wanavyocheua. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando Mama Nyemo aliyoyatikisa kwenye kibuyu mpaka mkono ukamchoka. Mzee alikuwa mfupi, mcheshi, meno mawili ya mbele hayapo. "Mbukwa!" alikuwa akinipokea kwa Kigogo kutoka mbali, nikiitikia anacheka matamshi yangu, kisha anasema, "Daktari wa Matone amekuja." Alinipa jina hilo kwa sababu nilikamua kidogo mno. "Ng'ombe mzima, chuo kizima, unaondoka na matone. Hicho chuo chenu mnakunywaje chai?"

Katika zizi lile kulikuwa na ng'ombe kumi na tisa, na wa kwake mwenyewe walikuwa watatu tu. Waliobaki walikuwa wa watu. Wagogo wana desturi ya kuwekeana ng'ombe: mwenye ng'ombe wengi anampelekea mwenzake wachache awatunze, mtunzaji anakunywa maziwa na kulimia, wazao ni wa mwenyewe, na siku moja mtunzaji anaweza kupewa ndama wake. Hakuna karatasi. Tisa kati yao walikuwa wa Mzee Chidawali wa Zuzu, kijiji cha njiani kurudi mjini, fundi wa reli aliyestaafu, rafiki wa Mzee Chibago tangu wakiwa vijana wachungaji. Nilimkuta Mzee Chidawali bomani mara moja, amekaa kwenye kigoda, ugoro mkononi, ng'ombe wanaingia zizini na yeye amewapa mgongo. Nilimwuliza kwa utani kama hawahesabu. "Nimhesabie huyu?" alisema, akimwonyesha mwenzake kwa kidevu. "Nikianza kumhesabia nitakuwa nimemtukana." Wakacheka wote wawili, na Mzee Chibago akamwongezea maziwa.

Nyemo ndiye aliyenieleza kanuni yao, tukiwa tunachambua mlenda. Ng'ombe wa mtu akifa, unampelekea mwenyewe ngozi, na pamoja na ngozi unampelekea nyama, angalau mguu. "Ngozi ni ya kuonyesha kuwa amekufa," alisema. "Nyama ni ya kuonyesha kuwa hatukumchinja tukamuuza." Niliiandika kwenye daftari langu la safari, nikapiga mstari chini yake, nikaona nimejifunza kitu cha kuvutia kuhusu watu wa Bahi. Ndivyo tulivyo wasomi.

Aliyeugua alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe begani, amezaa wiki tatu, mmoja wa wale tisa wa Zuzu. Nilikuwepo. Jioni ile Mama Nyemo aliinuka kutoka kukamua, akaninyoshea kikombe: maziwa majimaji yenye mabonge, na rangi ya damu kwa mbali. Niligusa kiwele, upande wa nyuma wa kulia ulikuwa mgumu na wa moto, ng'ombe akarusha teke. Niseme ukweli, maana nimechoka kutousema: nilifurahi. Nilichukua sampuli ya kwanza, nikaizika kwenye boksi langu la barafu. Mirija ya dawa ya kuingiza kwenye chuchu ilikuwa humo humo kwenye boksi, pembeni ya barafu, nimeibeba mwenyewe kutoka mjini, na dawa ya sindano pia. Nilifunga boksi. Nikamwambia Mzee, "Naomba tusubiri kidogo. Keshokutwa jioni namtibu."

"Ukisubiri, hazidiwi?"

"Wengine hupona wenyewe, Mzee." Na hilo ni kweli, wengine hupona wenyewe. Nimegundua baadaye kuwa uongo unaoniponza sana ni ule uliotengenezwa kwa maneno ya kweli.

Kesho yake asubuhi nilichukua sampuli ya pili, jioni ya tatu. Uvimbe ulikuwa umeenda kiwele kizima na ng'ombe alikuwa ameacha kula. Ndama alisukumwa kila alipokaribia, akalia mchana kutwa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, mimi nimejiinamia ndani ya tembe naandika lebo za chupa, nikawasikia wenye nyumba nje, kwenye mawe ya jikoni. Walikuwa wakiongea Kigogo, harakaharaka, ambacho mimi nilikielewa cha kuombea maji tu. Halafu Mama Nyemo akageuzia Kiswahili, pole pole, kwa sauti ya kutosha. "Huyu ng'ombe si wetu. Dawa imo ndani. Inangoja nini?" Aliyasema kwa Kiswahili ili niyasikie mimi. Mzee naye akajibu kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu hiyo hiyo. "Mtoto amesoma. Amesema kesho. Mimi nitamfundisha kazi yake?" Nikaendelea kuandika lebo. Ningetoka nje na boksi langu mkononi, hakuna ambaye angenicheka. Nilibakiza sampuli mbili.

Siku ya tatu kiwele kilikuwa baridi. Mtu asiyejua angedhani ni nafuu, joto limeshuka. Mimi nilijua, ngozi ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya bluu iliyokolea. Nilichukua sampuli ya asubuhi. Nikangoja tena mpaka jioni, nikachukua ya tano, ndipo nikafungua dawa zote nilizokuwa nazo nikampa kwa pamoja, mirija, sindano, kila kitu, kama mtu anayelipua kazi. Alikufa kabla jua halijapanda kesho yake. Sijui kama dawa ya siku ya kwanza ingemwokoa. Watu wa fani yangu watasema aina ile ya ugonjwa huua hata waliotibiwa, na ni kweli, na nimejificha nyuma ya hilo miaka mingi. Lakini Mzee hakuuliza hilo. Aliuliza kama wachune.

Niliwaambia wachune ngozi, ila nyama wasiile. Kiwele kimeoza, sumu imeshaenda mwilini, na mimi nimemjaza dawa jana jioni. Mzee alisimama na kisu mkononi. "Hata mguu mmoja, wa Zuzu?" Nikasema hata kipande, izikwe yote, tena kwa kina mbwa wasifukue. Hapo nilikuwa sahihi. Nyama ile ilikuwa ya kuzikwa, leo hii ningesema vivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimeiandika ile kanuni na kuipigia mstari, kwa hiyo nilijua ninachomfanyia: nilikuwa namtuma kwa rafiki yake na ngozi peke yake. Tulichimba shimo nyuma ya zizi, mimi nikishika jembe kwa zamu, Mama Nyemo amekaa mbali ametupa kisogo.

Tulipomaliza nilimvuta Mzee pembeni, nikapiga magoti. Kwa umri wangu ule, msomi mzima. "Mzee wangu, nakuomba, usinitaje. Chuo kikijua kuwa nilizuia dawa watanifukuza. Nimeacha kazi kwa ajili ya hii, sina pa kurudi." Alininyanyua. Akasema, "Sikutaji, binti yangu. Siwezi kumfukuzisha mtoto wa watu shule. Lakini twende wote Zuzu. Utasema mwenyewe yale unayoweza kuyasema. Chidawali si mtu mbaya. Ukimwambia nyama umezika wewe, daktari, inatosha, hata dawa usiitaje." Alikuwa amenirahisishia. Sikiliza tena: alikuwa amenitengea sentensi moja tu, ya kweli, isiyo na kosa lolote kwa chuo. Nyama nimeizikisha mimi. Basi.

Nikamwambia barafu inayeyuka. Nikamwambia lazima sampuli zifike maabara leo, wiki ijayo nitakwenda Zuzu mwenyewe, yeye atangulie. Bodaboda ilikuja, mimi nikapanda na boksi langu mapajani. Nilipogeuka nilimwona anaifunga ngozi nyuma ya baiskeli ya jirani kwa mpira, imekunjwa manyoya ndani, na Nyemo anamsaidia kukaza. Hawakunipungia mkono kwa sababu mikono yao ilikuwa na kazi.

Wiki iliyofuata nilikuwa na maabara. Iliyofuata pia. Mashine ilipotoa majibu, msimamizi wangu alisimama nyuma ya kiti changu, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Hongera. Huu mstari ni mzuri sana." Hakuuliza imekuwaje sampuli moja ikazaa nukta tano, na mimi sikumwambia. Tulikunywa soda kantini, akalipa yeye. Jeni ilikuwa imewaka tangu jioni ya kwanza, ikapanda, ikapanda, na ilifika juu kabisa siku ile kiwele kilipopoa. Ng'ombe aliita mpaka mwisho. Nililiandika hilo kwa lugha nzuri, na kwa lugha hiyo nikapata shahada, na kwa shahada nikapata kazi ninayoifanya mpaka leo.

Nilirudi Bahi baada ya miezi mitatu, na sukari kilo tano na kitenge cha Mama Nyemo, aibu tupu. Zizi lilikuwa na ng'ombe watatu. Nyemo alinisimulia nje, bila kunitazama. Mzee Chidawali aliipokea ngozi, akaikunjua, akaona haina jeraha la fisi wala la ajali, akauliza nyama iko wapi. Baba akasema imezikwa. Akaulizwa ni nani anazika nyama ya ng'ombe mzima na watoto wana njaa, Baba hakumtaja mtu. Kesho yake vijana walikuja kutoka Zuzu wakaswaga wale wanane waliobaki, na yule ndama. Habari ikatembea. Wenye ng'ombe wengine nao wakaja, mmoja mmoja, kwa heshima, na visingizio vya malisho. Mwaka ule walilima kwa jembe la mkono. Mama Nyemo alichukua kitenge, akakiweka juu ya kinu, akaendelea kutwanga. Na Mzee, Mungu ampumzishe, alinipokea vile vile kwa Mbukwa yake kutoka mbali, akanikalisha, akaniuliza, "Ulipata ulichokuwa unatafuta?"

"Nilipata, Mzee."

"Basi vizuri," alisema, na alimaanisha. Angenitukana ningeweza kwenda Zuzu siku ile ile. Nilijidanganya kuwa kama yeye ameyamaliza, yameisha. Sikurudi tena. Nilituma salamu sikukuu, nilichangia msiba wa Mama Nyemo kwa simu, nikawa mtu wa ukiweza.

Jana nilienda. Nilivaa kanga mbili, nikaendesha gari mwenyewe, na njia nzima nilirudia ile sentensi yangu moja kama mtoto anayekariri aya ya kusoma kanisani. Tembe haipo, kuna nyumba ya bati. Walishamfunika Mzee kwa udongo nilipofika, kwa sababu hata hapo nilichelewa. Mchungaji alikuwa anafunga Biblia yake. Nyemo alinikumbatia, amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe mbele, akanikalisha kwenye mkeka wa wanawake na kuniletea pilau. Chini ya turubai, mwisho kabisa wa safu ya wanaume, alikaa Mzee Chidawali kwenye kiti cha plastiki, mkongojo katikati ya magoti, macho yameingia ukungu. Nilimwuliza Nyemo kama walipatana. "Hapana," alisema. "Nilimpelekea habari tu. Sikujua kama atakuja. Tangu amefika hajaongea na mtu."

Niliinuka nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani?"

Nikamwambia. Mimi ni yule mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akikamua matone. Ng'ombe mwekundu aliugua, dawa nilikuwa nayo mimi, nikazuia asitibiwe siku mbili kwa ajili ya kazi yangu. Alipokufa ni mimi niliyesema nyama izikwe, Mzee Chibago alitaka kukuletea mguu, nikamkatalia, haikuuzwa hata kipande. Nilimwomba asinitaje, akakubali. Niliyasema yote kwa pumzi moja, na wanaume wa karibu waliacha kutafuna.

Mzee Chidawali akasema, si kwangu hasa, "Nyama mliizika." Akasema tena, "Mliizika kweli." Akaegemea mkongojo wake. "Nilimwita mwizi mbele ya wanangu. Akaniambia, Chidawali, ngoja, kuna mtu atakuja kukueleza. Ng'ombe niliwaondoa, lakini huyo mtu nikamngoja mvua mbili. Nikaona ananifanya mjinga." Aligeuza uso kutafuta sauti yangu ilipo. "Ulikuwa unakaa wapi mwaka ule?"

"Chimwaga, Mzee."

"Chimwaga," alisema. "Mpaka Zuzu ni mbali?"

Nilitamani kuwe mbali. Nilitamani kuwe na mto usiovukika, kuwe na mwendo wa siku tatu.

"Si mbali, Mzee," nilisema.